Alama za Mkaa

Saa kumi za usiku, Telavi, theluji ingali juu ya Kaukazi,
nami nimekaa ukingoni mwa kitanda,
soksi moja mguuni, moja mkononi,
naitazama hii ya mkononi kama barua ya serikali.

Usingizi ninaujua: ukiulipa, unaisha.
Deni hili limeanzia magotini, likapanda kiunoni,
likanilaza macho yakiwa wazi.
Mifupa imejaa unga uliolowa.
Hata kukasirika natamani, nguvu sina.

Duka letu la mikate ni chumba kimoja na tanuri,
tanuri la udongo, kina chake kama cha kisima,
na mkate hubandikwa humo kwa mkono:
unainama kichwa chini, kifua juu ya ukingo,
mguu mmoja hewani,
unaubamiza unga kwenye ukuta wa moto
na kutoka kabla nyusi hazijanuka.
Mara mia mbili kabla ya saa nne.
Siku nyingine nainama kama anayechungulia kwa jirani.
Siku kama ya leo naona heri nibaki humo humo,
nibandikwe na mimi, niive, mtu aniopoe kwa ndoano.

Matiti yanauma yakigusa ukingo.
Hilo sijamwambia mtu.

Miaka minne nilikuwa nikiweka alama kwa mkaa
nyuma ya mlango wa ghala la unga:
mstari mfupi kwa siku ya damu,
nukta mbili kwa siku mbili za kabla.
Zikikaribia nukta, najipanga.
Maharage nayapika mapema, yatoshe siku tatu.
Nalala kuku wakilala.
Mfukoni natia jozi na kipande cha jibini,
na maneno ya mama mkwe nayaacha yapite
kama gari la taka: kelele, harufu, kisha barabara.

Mwezi wa pili Jumberi, mwenye duka, akaupaka mlango chokaa.
“Madeni ya wateja,” akasema, “yaandikwe daftarini.”
Nilicheka mpaka Lamara akaja kuuliza kuna nini.
Lakini mwezi ule uchovu uliniingilia bila hodi.
Mkate ukaniponyoka, ukadondoka majivuni,
mkate mmoja,
nikaulilia kama maiti.
Jumberi akawa anakagua dari.

Lamara ana miaka hamsini na sita, zake zilikoma zamani.
Hakuuliza kitu. Alinifungua aproni,
akanikalisha juu ya gunia, akanisogezea mizani:
“Wewe pima. Mimi nitainama.”
Mgongo wake nao mbovu. Nilijua,
na alijua kwamba najua.
Nikapima. Gramu mia nne. Gramu mia nne.
Mikono ikafanya kazi bila kuniuliza,
na kule ndani nikawa nimeketi kimya
kama abiria aliyekwisha kukata tiketi.

Watu husema, jikaze.
Nimejikaza miaka ishirini, na kamba niijuayo mimi
ikipita kukazwa hukatika.
Siku hizi najilegeza kwa makusudi,
robo saa, juu ya gunia, macho nimefumba,
kama unga uliofunikwa kitambaa uumuke,
ambao hakuna anayeuita mvivu.

Leo ni nukta ya pili.
Alama nimezihamishia chini ya meza ya kukandia;
Jumberi hawezi kuinama kiasi hicho.
Mikate yetu ina umbo la mwezi mchanga, pembe mbili,
nami kesho, au keshokutwa, nitaingia mwezini,
tumbo litakata, nitatukana,
na katikati ya matusi mwili utakuwa mwepesi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Soksi ya pili imeingia.
Sasa kuna viatu.
Naanza na cha kushoto,
hakina kamba.